Jumba la Senema katika Masimulizi ya Watu wa Dodoma

Masimulizi ya watu wazima juu ya majumba ya senema ya zamani yamezidi kuwa mengi, hata yamestahili kuhesabiwa kuwa fani. Yana mwanzo wake, mwendo wake na mwisho wake. Yana maneno yake. Na yana desturi ya kukuza mambo fulani na kuyafunika mengine. Kitu chenye sifa hizo, hata kikisemwa barazani bila karatasi wala kalamu, ni fasihi, na fasihi haina budi kuhakikiwa. Aghalabu masimulizi haya husikilizwa kwa tabasamu, kisha huachwa yapite kama maongezi ya wazee wanaoutamani ujana wao. Hilo ni kosa. Ndani yake mna habari za lugha ya Kiswahili zisizopatikana kwa urahisi mahali pengine, na wenye kuzijua wanapungua kila mwaka.

Makala haya yanayapima masimulizi hayo kwa kuyatazama kutoka Ipagala, kata iliyo upande wa mashariki wa jiji la Dodoma. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu. Avumaye baharini papa, na wengine wapo. Majumba ya Unguja na Dar es Salaam yamevuma: Royal, lililofunguliwa Unguja mwaka 1921 na ambalo mahali pake baadaye palisimama Majestic; Empire, Avalon, Empress na Odeon za Dar es Salaam; na uwanja wa Drive-In uliofunguliwa mwaka 1966, ambako watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari yao. Miji ya bara imesemwa kidogo. Tena Ipagala haikuwa mtaa wa majumba hayo. Katika miji iliyokua kando ya reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, senema ilikaa pamoja na maduka, karibu na stesheni na soko. Kwa mtu wa Ipagala, basi, senema ilikuwa safari. Ilimpasa aondoke kwake jua lingali juu, aende mjini, kisha arudi usiku kwa miguu, pengine pamoja na wenzake wengi walioshughulika kuibishania picha njia nzima.

Tofauti hiyo yaonekana katika sura ya masimulizi. Mtu aliyeishi jirani na jumba huanzia mlangoni: nguo alizovaa, foleni ya tiketi, mabango yaliyobandikwa ukutani. Mtu aliyetoka mbali huanzia njiani na kumalizia njiani. Kati ya mwanzo na mwisho huo, picha yenyewe huchukua nafasi ndogo ya kustaajabisha. Msimulizi aweza kuisahau nusu ya kisa, au akachanganya picha mbili zikawa moja, lakini hasahau ni nani aliyekaa kushoto kwake, nani aliyepiga mluzi mkanda ulipokatika, na ni maneno gani yaliyopigwa kelele stelingi alipokuwa akinyemelewa na adui nyuma yake. Hili ndilo jambo la kwanza la kushikwa na mhakiki: masimulizi ya senema hayasimulii senema. Yanasimulia hadhira.

Ili kuona kwa nini imekuwa hivyo, yafaa kukumbuka kwamba nchi hii ilipata senema za namna mbili. Ya kwanza ni senema ya serikali. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palifanyika jaribio la senema za elimu huko Vugiri, karibu na Korogwe, chini ya uongozi wa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Picha zipatazo 35 zilitengenezwa, zikahusu mambo kama ugonjwa wa safura na faida ya kuweka akiba katika benki ya posta, kisha zikatembezwa kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki. Sauti haikuwamo katika mkanda. Ilitiwa katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kupewa maelezo kwa lugha mbalimbali, na Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikafuata picha za hadithi zilizochezwa na watu wa Tanganyika kwa Kiswahili, mashuhuri yao ikiwa Muhogo Mchungu, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Senema hii ya serikali ilimfuata mtu alipo, haikudai kiingilio, nayo ilikusudia kumfunza.

Senema ya pili ni ile ya mfanyabiashara, aghalabu Mhindi, aliyejenga jumba na kungoja watu waje na fedha zao. Haikuwa na nia ya kumfunza mtu lolote. Ilileta picha za Bombay, za Marekani na za Uingereza, na katika miaka ya 1970 za Hong Kong. Mikanda ilitoka pwani ikazunguka miji ya bara, mji mmoja ukiupokeza mwingine. Katika picha hizo Kiswahili hakikusikika hata neno moja. Wachezaji walisema Kihindi, Kiingereza au Kichina. Na maandishi ya chini, yalipokuwapo, hayakuwa ya Kiswahili.

Hapa pana fumbo linalostahili kufikiriwa na wataalamu wa lugha. Senema iliyosema Kiswahili haikuacha alama kubwa katika msemo wa kila siku. Senema isiyosema Kiswahili iliacha hazina. Sababu yake si ngumu. Mbele ya lori la serikali Kiswahili kilitoka upande mmoja, upande wa mfunzaji, na watazamaji walitakiwa kunyamaza wasikilize. Ndani ya jumba la mfanyabiashara kitambaa kilisema lugha ngeni, ikawapasa watazamaji wenyewe kulijaza pengo. Mwenye kufahamu Kihindi kidogo alimfasiria jirani yake; asiyefahamu alikisia; aliyekisia vibaya alichekwa na safu nzima. Na kwa kuwa katika mji wa reli kama Dodoma waliokaa pamoja walikuwa Wagogo, Warangi, Wanyamwezi, Wahindi na Waarabu, lugha ya kukisia na kuchekana haikuweza kuwa nyingine ila Kiswahili. Kigogo kilibaki nyumbani na shambani. Kiingereza kilibaki ofisini. Jumba la senema lilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Kiswahili kilisemwa kwa sauti kubwa, gizani, na watu wa kila kabila, pasipo mwalimu wa kukisahihisha.

Maneno yaliyozaliwa katika hali hiyo yangali hai. La kwanza ni stelingi. Asili yake ni neno la Kiingereza lililoandikwa mbele ya jina la mchezaji mkuu kumtangaza kuwa ndiye anayecheza. Watazamaji walilichukua tangazo wakalifanya cheo cha mtu. Stelingi wa Kiswahili si mchezaji. Ni shujaa mwenyewe ndani ya kisa, na ana sheria yake: stelingi hafi. Kauli hiyo imetoka senema ikaingia katika siasa, mpira na maongezi ya mtaani, ikimaanisha mtu ambaye misukosuko yote haimwangushi kwa sababu kisa ni chake. La pili ni mkanda. Kumpa mtu mkanda mzima ni kumweleza habari tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu. Na mwenye kusema hivyo leo huenda hajapata kuuona mkanda wa senema kwa macho yake. La tatu ni senema yenyewe, ambayo siku hizi huandikwa zaidi sinema. Ugomvi wa hadharani huitwa sinema ya bure, na mtu anayejitia uchungu asio nao huambiwa asilete sinema. Msemo wa sinema ya bure una historia ndani yake: hauwezi kuwa na maana ila kwa watu waliojua kwamba sinema ya kweli ni ya kulipia, na kwamba wapo waliobaki nje ya ukuta.

La nne lahusu sarufi, nalo ndilo la thamani zaidi. Picha, kwa kawaida, ni neno la ngeli ya i-/zi-: picha hii imechakaa, picha hizi zimechakaa. Lakini katika msemo wa mitaani kisa cha senema huingizwa katika ngeli ya li-: picha linaanza, picha limekwisha. Umbo la neno halikubadilika. Upatanisho wake ndio uliobadilika. Ngeli ya li- hubeba ukubwa katika Kiswahili, kama katika jitu na joka, na hapa imetumika kulitenga picha kubwa, linalosonga na kuvuma, na picha ndogo inayotundikwa ukutani. Leo picha linaanza husemwa na kijana anapotaka kusimulia mkasa wowote uliomkuta, hata kama ni wa daladala. Mwenye kudhani kwamba hilo ni kosa la sarufi hajausikiliza msemo huo vya kutosha. Ni tofauti ya maana iliyotiwa na watazamaji katika lugha yao kwa njia ya sarufi ya lugha hiyo hiyo.

Fani ya kusimulia picha nayo ilitokana na upungufu. Mmoja alilipa kiingilio. Kumi walisikia kwake kesho yake. Msimulizi hakufuata mwendo wa picha, bali alifuata mwendo wa ngano aliyoizoea kwa bibi yake. Alimtambulisha stelingi mapema, akamkuza adui, akarudia mapigano kwa mikono na miguu, akazifanya nyimbo kuwa vituo vya kupumzikia, akaungoja mwitiko wa wasikilizaji kabla ya kuendelea. Kwa hiyo wako watu wazima wanaoieleza picha fulani kwa ufasaha mkubwa hali hawakuiona kamwe. Mwanahistoria atauita ushahidi huo dhaifu. Mhakiki wa fasihi ataona kwamba amekutana na hadithi iliyohama kutoka kitambaani kuja kinywani, na kwamba mabadiliko iliyoyapata njiani ndiyo habari yenyewe.

Mfano wa uhamaji huo ni Mother India, picha ya mwaka 1957 iliyotengenezwa na Mehboob Khan na kuchezwa na Nargis, ambayo ilipendwa sana Afrika ya Mashariki. Ni kisa cha mwanamke wa shamba aliyeachwa na watoto, anayedaiwa na mkopeshaji asiyeshiba, akapigwa na mafuriko na njaa. Mwishowe ampiga risasi mwanawe mwenyewe aliyegeuka mnyang'anyi, ili kuokoa heshima ya msichana na ya kijiji. Hoja za utaifa wa India zilizowekwa ndani yake hazikuwa na uzito kwa mtazamaji wa uwanda wa kati. Lakini nchi ya Wagogo ni nchi ya ukame. Njaa ya Mtunya, iliyoipiga kati ya mwaka 1917 na 1920 baada ya majeshi ya vita kuchukua chakula, mifugo na wapagazi, ilikuwa ingali katika vinywa vya wazee wakati picha hiyo ilipotoka. Mama anayevuta jembe la kulimia badala ya ng'ombe hahitaji mfasiri mahali kama hapo. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, yauliza kama mtu huharibiwa na damu au na malezi. Na swali hilo linajulikana katika kila kikao cha ukoo. Picha hizi zilieleweka bila lugha kwa sababu zilikuta maswali yake yamekwisha kuulizwa.

Mpaka hapa masimulizi yamesifiwa. Sasa yapasa yalaumiwe, maana yana kasoro tatu kubwa.

Kasoro ya kwanza ni kudai kwamba ndani ya jumba watu wote walikuwa wamoja. Bei ya kiti iliwagawa kabla hawajaketi. Aliyelipa zaidi alikaa nyuma au juu. Aliyelipa kidogo alikaa mbele, akakunja shingo. Katika enzi ya ukoloni mgawanyiko wa fedha ulifuatana kwa karibu na mgawanyiko wa rangi, hata pale ambapo hapakuwa na kibao cha kumzuia mtu. Umoja unaokumbukwa ulikuwa umoja wa sauti. Watu waliokaa mbalimbali walicheka pamoja. Hilo si jambo dogo, lakini lisifanywe kubwa kuliko lilivyokuwa.

Kasoro ya pili ni kwamba msimulizi karibu kila mara ni mwanamume. Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na kina mama wa huko wana kumbukumbu zao. Kwa msichana wa Ipagala safari ile ya usiku, ambayo kaka yake huisimulia kama sehemu tamu kuliko zote, ilikuwa ndiyo sababu ya kutokwenda. Sifa za njia zimefunika habari za waliokatazwa njia. Kadhalika masimulizi ya wanawake waliosikia picha kwa kaka zao, wakazisimulia upya jikoni na mtoni, hayana budi kuwa ya namna yake. Nayo hayaulizwi, kwa kuwa muulizaji hutafuta waliokwenda.

Kasoro ya tatu ni ya mpangilio wa mambo. Masimulizi mengi hukoma kwa sentensi moja: televisheni ikaja, senema ikafa. Sentensi hiyo ni nzuri kwa masikio, lakini tarehe zinaikataa. Mwaka 1968 liliundwa shirika la umma la filamu, ambalo baadaye lilishika uagizaji na usambazaji wa picha. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ikawapokonya wenye majumba mengi milki yao, na mwenye kulitunza jengo kama mali yake akawa mpangaji ndani yake au akaondoka nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zikawa adimu. Picha mpya zikapungua, vipuri vya mashine vikakosekana, mikanda ya zamani ikazungushwa mpaka ikajaa mikwaruzo. Katika miaka ya 1980 kanda za video zikaingia majumbani na vibandani. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, ikayakuta majumba mengi yamekwisha kudhoofika. Unguja, kinyume chake, ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, na majumba yake hayakufa kwa ajili hiyo peke yake. Msimulizi anayeilaumu televisheni anamtafuta adui mmoja, kama picha zilivyomfundisha. Ametia kifo cha jumba la senema ndani ya kanuni za senema. Kwa jicho la uhakiki kosa hilo lina maana kuliko usahihi, lakini ni kosa.

Kazi kubwa iliyofanywa juu ya jambo hili ni kitabu cha Laura Fair, Reel Pleasures, kilichotolewa mwaka 2018 na Ohio University Press. Kinawaeleza wenye majumba na watazamaji wa Tanzania kwa upana usiopata kufikiwa kabla yake, na kinawapa watu wa kawaida heshima ya kuwa wahakiki wa walichokitazama. Hapana haja ya kupunguza sifa hizo. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili anapokifunga hubaki na kiu. Watu walisema Kiswahili. Kitabu, kama ilivyo desturi ya chuo kilikotoka, kimesema Kiingereza, na maneno machache tu ya asili yameachwa yasimame yenyewe. Picha limekwisha ikifasiriwa hubaki habari ya kwamba picha imekwisha, ngeli imepotea. Stelingi hafi ikifasiriwa huwa kanuni ya hadithi, mzaha umepotea. Lawama hii haimwangukii mwandishi, aliyeifanya kazi yake kwa wasomaji wake. Yawaangukia wataalamu wa Kiswahili, ambao masimulizi hayo yalikuwa mlangoni pao kwa miaka mingi, na katika lugha waliyosomea.

Wala muda si mrefu. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vilipimwa, barabara zikatiwa lami, na Ipagala ikajaa nyumba mpya za watu waliotoka kila mkoa. Mzee aliyekwenda mjini kwa miguu kuangalia picha sasa amezungukwa na majirani wasiojua kwamba njia ile iliwahi kuwako. Vijana wao hutazama picha katika simu, kila mmoja na kioo chake. Katika vibanda vya video, ambako mfasiri husema kwa Kiswahili juu ya sauti ya picha ngeni, umebaki mwangwi wa jumba la zamani; lakini kazi ya kujaza pengo, iliyokuwa ya safu nzima, sasa imekabidhiwa mtu mmoja anayelipwa. Uhusiano wa fani hizo mbili, ya watazamaji na ya mfasiri, ungefaa kuchunguzwa wakati waliozijua zote mbili wangali hai.

Kazi inayotakiwa ni ya kawaida kabisa. Masimulizi yanaswe kwa Kiswahili chake, na Kigogo kinapoingia kiachwe kiingie. Kila neno la senema liandikwe pamoja na sentensi lililotokea ndani yake, upatanisho wake wa kisarufi, na umri na mahali pa msemaji. Wanawake waulizwe walichosikia, kama wanaume wanavyoulizwa walichoona. Waliobaki nje ya ukuta waulizwe kama waliolipa. Makosa ya tarehe yasahihishwe pembeni, lakini yasifutwe katika maneno ya msimulizi. Majengo yaliyogeuzwa kuwa maghala, makanisa au maduka hayatarudi kuwa senema, na hapana haja ya kuyalilia. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa maneno, na baadhi ya waliyoyasema wangali wanakaa Ipagala.